Nilivyomtia Nyigu Sponji

Wiki iliyopita niliwaacha pale pale nilipoachwa mimi: nimesimama mlangoni mwa gereji na tabasamu langu lote, nangoja kusifiwa, na Kapteni ameketi ndani ya gari lake, uso umemwiva, ananiuliza, "Nani amekigusa kiti changu?"

Najua wapo mlioniombea, na wapo mliocheka. Mliocheka ndio mnaonijua.

Kama gazeti hili umelipata leo tu, labda limefungiwa sabuni, basi ujue kwa kifupi. Mimi ndiye binti niliyefukuzwa saluni kwa kuunguza nywele za bibi harusi, kisha nikafukuzwa kwenye tanuri la mikate kwa kuunguza kila kilichobaki. Shule niliishia ya msingi, na hata hiyo tuliachana kabla haijanizoea. Mjomba wangu, mshona viti vya magari, ndiye aliyenichukua. Akaniahidi kwamba nikimaliza kazi moja peke yangu bila balaa, ile cherehani ya pili iliyofunikwa shuka pale kwenye kona itakuwa yangu, nami nitaitwa fundi. Nikishindwa, narudi kwa shangazi. Shangazi ana watoto mapacha, ana ndoo za kufua zisizokauka, na ana ulimi ambao ukianza asubuhi haupumziki hata kwa kula.

Kazi yenyewe niliyopewa ilikuwa ya Nyigu.

Nyigu si mdudu, ni gari. Wenyewe wamempa jina hilo kwa ile mistari yake myeusi na ya manjano, na kwa sababu akipita karibu yako, unabaki naye sikioni. Aliundwa kwa ajili ya uwanja wa mbio. Zile taa na namba za usajili aliwekewa ili polisi wasimkamate njiani akienda huko uwanjani. Hana redio. Hana kiyoyozi. Mlango wake kwa ndani hauna kishikio, una utepe unaouvuta kama unafungua begi la shule. Kiti chake ni ganda gumu lililotandikwa tandiko jembamba kuliko uvumilivu wa shangazi yangu.

Wenye gari hilo mjini si wengi, na kila Alhamisi walikutana kwa fundi injini, ukuta kwa ukuta na sisi. Kazi yao kubwa ilikuwa kulalamika.

"Jana nimepita juu ya tuta," Daktari wa Meno alikuwa anasema, "nimelitambua kila jiwe lililo chini yake."

"Wewe una nafuu," anajibu Mwenye Vigae, aliyeitwa hivyo kwa duka lake. "Kwangu mvua ilinyesha ndani, nje kukavu."

"Mimi nikishuka kwenye kile kiti," Kapteni anawafunga midomo, "natembea kama mtu aliyebeba jokofu."

Na mimi niko dirishani na sindano yangu, nasikiliza, roho inaniuma. Nyumbani kwetu mtu akisema tumbo linamuuma, anapewa dawa. Hakuna anayefikiri kwamba anajisifu ana tumbo.

Basi Kapteni alipomleta Nyigu kwetu kwa ajili ya mshono uliofumuka pembeni mwa kiti, akaniambia kwa mdomo wake, "Mshono tu, dada. Lakini kiti hiki! Kiuno changu kimekwisha. Ungenihurumia!"

Nikamhurumia. Nilimtilia sponji nene, ya hali ya juu, chini na mgongoni.

Sasa tuendelee.

"Ni mimi, Kapteni," nilisema. "Na usinishukuru, ni kazi yangu."

"Nikushukuru?"

Akachukua helmeti yake, akaivaa. Ikagonga vile vyuma vya kinga vya juu, ko! Sauti ya sufuria iliyokutana na kifuniko chake.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Kapteni."

"Mwanzo ilikuwa inagonga?"

"Sijui. Sijawahi kukuona umeivaa."

"Nimekaa kama mtoto kwa kinyozi! Umeniwekea kibao!"

Alikuwa anasema kweli. Zamani akipita barabarani uliona paji la uso na macho mawili tu, kama kiboko majini. Sasa alionekana mpaka vifungo vya shati. Mimi nilidhani nimempandisha cheo.

Mjomba akatoka ndani na uzi mdomoni. "Kuna nini, bosi? Si mshono tu?"

"Muulize binti yako! Kesho ni siku ya mbio. Mkaguzi anapitisha ngumi kati ya helmeti na chuma. Ngumi isipopita, gari haliingii uwanjani. Na mimi ndiye mwenyekiti wa wenye Nyigu! Mwenyekiti akae pembeni ashike chupa za maji?"

Mjomba akautoa uzi mdomoni taratibu. Anapoutoa taratibu, ujue mambo hayaendi vizuri.

"Mpwa wangu. Hiyo sponji umeishona au umeigandisha?"

"Nimeigandisha, mjomba."

"Kwa gundi ipi?"

"Ile ya bati kubwa."

Mjomba akatafuta mahali pa kukaa. Gundi ya bati kubwa ni ya kugandishia mazulia ya basi. Ukiitumia kwenye kitu, umekubali kitu hicho kikae hivyo mpaka kiama.

"Na lile tandiko lake la mwanzo? Liko wapi?"

Hapo nikaanza kuokota nyuzi sakafuni.

"Nauliza, liko wapi?"

"Nimelikalia, mjomba."

Wote wawili wakageuka kukiangalia kibao changu cha kushonea. Juu yake lilikuwepo tandiko la Nyigu, nimelikunja vizuri na kulifunga kwa utepe. Kibao kile ni kigumu, jamani. Tena nilikuwa nimelalamika, na hakuna aliyenisikiliza.

Kapteni alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Lakini kabla neno halijatoka, mkewe akafika. Alikuwa amekuja kumletea simu aliyoisahau mezani. Mama mfupi, mtulivu, muuguzi wa wodi ya watoto. Bado yuko na viatu vyake vyeupe vya kazini.

"Mbona unapiga kelele mpaka barabarani?"

"Njoo uone walichonifanyia!"

Akaja, akaona. Akaweka mkoba wake chini, akamwambia mumewe, "Shuka kwanza." Akaingia yeye. Akakaa. Akaegemea. Akafumba macho, akafumbua, akatazama mbele.

"Naona barabara," akasema.

"Unaona nini?"

"Barabara, baba watoto. Tangu ununue gari hili, nikikaa hapa naona dashibodi na mbingu. Leo naona barabara." Akanigeukia. "Ni wewe uliyefanya hivi, mwanangu?"

"Ni mimi, mama."

"Mungu akuzidishie mikono."

Wasomaji, nilimwangalia mjomba kuona kama amesikia. Alikuwa anaangalia dari.

"Inabanduliwa leo leo," Kapteni akasema.

"Haibanduliwi."

"Mke wangu, inabanduliwa!"

"Wewe si ndiye unayelalamika kila siku ya Mungu? Si mimi ninayekuchua mgongo mpaka wagonjwa wangu wananiuliza mbona mikono yangu inanuka dawa ya misuli? Sasa umetibiwa. Unataka ugonjwa wako urudishwe?"

Kapteni akatazama chini. Akasugua kidole gumba kwenye utepe wa mlango.

"Ndiyo," akasema. "Nautaka."

 Nyundo ya fundi injini upande wa pili ilinyamaza, maana kule nako walikuwa wanasikiliza.

"Ofisini kwangu nina kiti cha ngozi," akaendelea kwa sauti ya chini. "Kinazunguka, kinalala, kinapanda. Nakaa pale siku nzima nasaini. Sijawahi kusikia mtu akiniuliza mgongo wangu unaendeleaje. Nikishuka kwa Nyigu nachechemea, kila mtu anauliza, 'Kapteni, vipi?' Nami nasimulia."

Mkewe akashuka garini. Halafu akachukua mkoba wake. "Kuoa ulijua, kusema hukujua," akamwambia, lakini kabla hajaondoka alimfunga mumewe kifungo cha shati kilichokuwa wazi.

Mimi nilibaki nimeduwaa kama mtu aliyeambiwa kwamba chumvi ni tamu. Kumbe miezi yote ile dirishani nilikuwa nasikiliza watu wakijisifu, na mimi nawalilia!

Mjomba akanivuta pembeni.

"Sikiliza, mwanangu. Kiti kirudi kama kilivyokuwa kabla mtu huyu hajaja kulichukua gari lake jioni. Kikirudi, yaliyopita yamepita. Kisiporudi, kakusanye nguo zako."

"Na cherehani, mjomba?"

"Kwanza kiti."

Nikaanza kazi. Sponji niliyoikata kwa mapenzi niliing'oa kwa kisu cha bapa, vipande vipande, kama mtu anayekwangua ukoko. Gundi ikabaki kwenye ganda, nzito, ya kahawia, inanitazama. Nikachukua thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, nikasugua. Gundi ikalainika. Nikasugua tena. Ikalainika zaidi, ikatembea, ikaingia kwenye vipembe ambavyo mwanzo haikuwemo. Nilichokuwa nafanya hasa ni kuipaka upya, ila wakati ule nilikuita kusafisha.

Mjomba alipita nyuma yangu mara kwa mara, akikohoa kile kikohozi chake cha kujizuia kusema.

Tandiko nalo lilikuwa na shida yake. Kwa kulikalia kwangu lilikuwa limeshika umbo langu, na umbo langu, nisidanganye, halikuchorwa kwa ajili ya mbio. Nikalipiga pasi. Likanyooka kidogo, likanuka kidogo. Nikalitandika juu ya ganda, nikalishona pembeni mshono ule ule wa mwanzo, kila tundu la sindano nikilirudia lilipokuwa. Hilo naliweza. Hata mjomba alisimama, akainama, akapitisha ukucha juu ya uzi.

"Mshono huu ni wa fundi," akasema.

Akaenda kwenye kona. Akaondoa shuka juu ya cherehani ya pili. Akaanza kuifuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe.

Na hapa, wasomaji, ndipo ninapoungama.

Mjomba alipoinama kuifuta ile cherehani, mimi niliweka kiganja juu ya kiti kuona kama pamekauka. Palionekana pamekauka. Lakini nilipokiinua kiganja, kilichelewa. Kilichelewa kidogo tu, kama mtoto anayeitwa na mama yake na hataki kwenda.

Nilijua maana yake. Ile thina na ile gundi zilikuwa zinapenya kwenye tandiko kutoka chini, nazo zilihitaji kuanikwa, tena si kidogo. Nilitakiwa niseme, "Mjomba, bado." Ni maneno mawili tu. Lakini Kapteni alikuwa ameshaingia getini, na mjomba alikuwa anatia mafuta kwenye cherehani yangu, anapiga mluzi. Sijawahi kumsikia mjomba anapiga mluzi.

Nikafuta kiganja changu kwenye gauni. Nikasema, "Tayari."

Kapteni hakukaa sana siku hiyo. Alivaa helmeti, akaingia, akapitisha ngumi juu ya kichwa chake, ikapita. Akaguna kwa maumivu, akatabasamu kwa furaha. Akaondoka na Nyigu akinguruma, na mimi nikajifariji: upepo wa njiani utamkausha.

Nyigu, kama nilivyosema, hana kiyoyozi. Ndani mwake hamna upepo wa namna yoyote.

Asubuhi yake mjomba akaniambia tupande gari la fundi injini twende uwanjani tukaone kazi yetu inavyokimbia. Alisema "kazi yetu". Nilivaa viatu vyangu vya kutokea.

Jua lilikuwa kali. Magari yalipanga foleni mbele ya hema la mkaguzi, na Nyigu wote walikuwa pamoja, wa Kapteni mbele. Mkewe alikuwepo, kajikinga jua kwa mwavuli. Kapteni alikuwa ndani muda wote huo; alikuwa ameendesha kutoka nyumbani hadi pale, na foleni haikusogea haraka. Alinipungia mkono. "Fundi!" akaniita. Mbele za watu! "Kiti kinaniua, fundi!"

Nikacheka kwa kujiamini. Sasa nilikuwa najua lugha yao. "Hongera, Kapteni!"

Mkaguzi akafika. Mama mmoja mwembamba, filimbi shingoni, haonekani kuwa na mchezo. Akapitisha ngumi kati ya helmeti na chuma. Ikapita. Mjomba akanibonyeza bega.

"Vizuri," mkaguzi akasema. "Sasa fungua mikanda, ushuke mwenyewe, upesi. Asiyeweza kutoka mwenyewe kwenye gari haingii uwanjani kwangu."

Kapteni akafungua mikanda. Akashika vyuma kwa mikono miwili. Akajivuta.

Akabaki pale pale.

"Shuka," mkaguzi akasema.

"Siwezi."

Daktari wa Meno akaangua kicheko. "Huyo ndiye mwenyekiti wetu! Nani amewahi kutoka kwa Nyigu bila kuzaliwa upya?"

"Jamani, siwezi kutoka!"

"Akikupenda ndivyo anavyokushika!" akasema Mwenye Vigae, na foleni nzima ikacheka.

Na mimi nilicheka. Kwa nini nisicheke? Nilikuwa nimejifunza. Nikapiga hata makofi. "Hongera tena, Kapteni!"

Kapteni akanitazama. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya helmeti, na midomo yake haikuwa na tabasamu la Alhamisi.

"Dada," akasema polepole. "Nimeganda."

 Kiganja changu kikakumbuka.

Nikasogea, nikainama mlangoni. Harufu ya thina ilinipokea kabla Kapteni hajanipokea. Mjomba naye akainama kando yangu. Akanusa. Akageuza shingo, akanitazama, na mluzi wa jana ulikuwa umeshatoka usoni mwake.

"Uliniambia tayari," akasema.

"Nilisema hivyo, mjomba."

"Kilikuwa tayari?"

Nikakificha kiganja mgongoni. Mkewe Kapteni alikuwa ameshafika na mwavuli wake. Alitazama upande mmoja wa mumewe, akatazama upande wa pili, kama anavyotazama watoto waliomeza vitu.

"Hapa ni kukata," akasema. "Mwanangu, una mkasi?"

Fundi viti anatembea na mkasi. Nilikuwa nao.

"Kata suruali," akasema mkewe.

"Mbele ya wanachama wangu?" Kapteni akalia. "Kata kiti!"

"Kiti kikikatwa," mjomba akasema kwa sauti ya chini, kwangu mimi peke yangu, "mpwa wangu, unajua."

Nilikuwa najua. Kiti kile ndicho kilichonipa cherehani. Nikikikata, nimejikata.

"Kata suruali, tusichelewe," mkewe akarudia. Halafu akasita. Akamwinamia mumewe sikioni, lakini uwanja mzima ulikuwa kimya, kwa hiyo wote tulisikia. "Subiri. Ndani umevaa ipi? Siyo ile niliyokukataza?"

Kapteni akavuta shati lake chini.

"Ile yenye dirisha?"

"Ndiyo ya bahati yangu siku za mbio," Kapteni akanong'ona.

Mkewe akanyooka. "Mwanangu," akaniambia, "kata kiti."

"Hapana!" akasema mjomba, safari hii kwa sauti.

"Amueni," mkaguzi akasema. "Magari ya nyuma yanangoja." Akaiweka filimbi mdomoni.

Kila mmoja akanitazama mimi. Daktari wa Meno na Mwenye Vigae walikuwa wameacha kucheka, wamesogea kuona vizuri, na mmoja wao alikuwa ameshainua simu juu.

Nikapiga goti kwenye lami. Nikapenyeza vidole kati ya Kapteni na kiti chake, nikitafuta kwa kupapasa ni wapi kitambaa cha suruali kinapoishia na tandiko linapoanzia. Nikapapasa kulia, nikapapasa kushoto. Mimi ninayejisifu kwamba vidole vyangu vinaona! Gundi ya bati kubwa ilikuwa imefanya kazi yake, vyote viwili vimekuwa kitu kimoja.

"Umepata?" mjomba akauliza.

"Nimepata," nikasema.

Filimbi ikalia. Nikafungua mkasi, nikafumba macho, nikakata.